Jani ni Jani, Liwe la Mboga au la Dawa

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi huko Kirumba, Mwanza, mbele ya akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa, wachuuzi wa mboga na wazee waliokuja kusikiliza. Wengi waliniomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka, nimepunguza tu pale nilipojirudia.

Shikamooni wazee wangu. Mwangaluka. Akina mama hamjambo. Wanangu mliosimama mlangoni, ingieni, nafasi ipo.

Niliomba kila mmoja aje na vitu viwili: mboga aliyoinunua jana au leo, na dawa ya majani, mizizi au mbegu anayoitumia nyumbani kwake. Asanteni kwa kuitika. Naona mchicha, matembele, nyanya, mgagani. Upande wa dawa naona mwarobaini, mchaichai, tangawizi, majani ya mpera, uwatu. Na mama mmoja pale kati ana chupa ya kahawia isiyo na karatasi wala maandishi. Asante sana mama kwa kuileta hadharani, tutaifikia.

Sasa tazameni mlivyoviweka. Hakuna aliyewaelekeza, lakini karibu kila mtu mboga yake ameitua chini sakafuni, dawa ameishika mkononi au ameifunga kwenye pindo la khanga. Mboga tunaishuku, dawa tunaiheshimu. Hicho ndicho kilichonileta mbele yenu leo.

Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga kwa miaka 32 katika mkoa huu, vituo vya vijijini na vya mjini. Nimelelewa na bibi mzaa mama kule Magu, mjuzi wa miti aliyefuatwa na watu kutoka mbali. Kwa hiyo sikuja kuwatukania mitishamba. Nimekulia humo. Nimekuja kuomba kwamba maswali tunayoiuliza nyanya sokoni tuiulize na dawa, na kwamba hofu yetu ya mboga tuipeleke mahali inapostahili kwenda, maana hivi sasa imepotea njia.

Kipindupindu kikiingia Kanda ya Ziwa, kama kilivyoingia mwaka 2015 na kama kilivyorudi mwanzoni mwa 2024, kitu cha kwanza kuanguka ni meza ya mama wa mboga. Watu wanaacha kachumbari, sawa, hilo nawaunga mkono siku za mlipuko. Lakini wanaacha na mchicha wa kupika, wanaacha na bamia, watoto wanakula ugali na chai ya rangi wiki nzima. Mama anarudi nyumbani na sinia lililonyauka na mkopo wa kikundi unamsubiri. Kisha simu zinaanza: tikiti limechomwa sindano ya rangi, ndizi zimeivishwa kwa sumu, usile papai la fulani. Wale wa tikiti wanatuma hadi picha ya tunda lililopasuka katikati kama ushahidi. Tikiti hupasuka ndani lenyewe kwa jinsi lilivyokua, likikosa uchavushaji mzuri au likipata maji kwa kupokezana na ukame. Sindano haihusiki.

Na mtu huyo huyo aliyekataa mchicha, jioni anakunywa kikombe cha majani mabichi yaliyopondwa na kukamuliwa, kwa sababu ameambiwa yanasafisha damu. Majani yamechumwa wapi? Hajui. Yameoshwa kwa maji gani? Hajauliza.

Hofu ya mboga haikuzuka bure, lazima niseme haki. Sote tunajua Mto Mirongo unapita kwenye makazi gani kabla haujamwaga ziwani. Tunajua mvua kubwa ikinyesha milimani kwenye mawe kule, vyoo vya nani vinafunguliwa na maji yanashuka kwa nani. Bustani nyingi zinazotulisha zinamwagiliwa kwa maji ya mtoni, ya mfereji au ya ufukweni. Kipindupindu, homa ya matumbo na mayai ya minyoo vyote vinatoka mahali pamoja, kwenye kinyesi cha binadamu, na maji ndiyo yanayovibeba hadi kwenye jani. Homa ya matumbo hapa kwetu si jambo la kupimiwa dirishani ukanywa vidonge yakaisha. Mwaka 2012 madaktari wa upasuaji wa hospitali ya Bugando walichapisha taarifa ya wagonjwa 104 waliowapasua ndani ya kipindi cha miaka kama mitano kwa sababu utumbo ulikuwa umetoboka kwa homa hiyo. Wengi walikuwa vijana. Nimewahi kumshika mkono kijana wa namna hiyo akisubiri kuingia chumba cha upasuaji, tumbo limekuwa gumu kama ubao. Kwa hiyo anayeogopa mboga chafu simlaumu.

Ila jani halijui kwamba wewe umeliita dawa. Likinyunyiziwa maji ya mfereji, linabeba kile kile alichobeba mchicha wa jirani yake.

Nitawasimulia jambo lililotokea Ujerumani mwaka 2011. Nalisimulia taratibu kwa sababu ndani yake mboga na dawa vinakutana.

Mwezi Mei mwaka huo watu wa kaskazini mwa nchi ile, hasa upande wa Hamburg, walianza kuharisha damu. Tumezoea kwamba ugonjwa wa kuhara unachukua watoto na wazee. Safari hii wengi walikuwa wanawake watu wazima, wenye nguvu zao, wale wanaojali wanachokula. Baada ya siku chache figo zikaanza kugoma. Hadi yanakwisha, walioumwa walikaribia 4,000, zaidi ya 800 wakapata lile tatizo la figo, na waliokufa walizidi 50. Kimelea alikuwa bakteria wa jamii ya E. koli. Wengi wa jamii hiyo wanaishi kwenye matumbo yetu bila kutudhuru. Huyu alikuwa na sumu.

Watu walitaka jibu upesi. Tarehe 26 Mei wakuu wa afya wa Hamburg wakatangaza kwamba bakteria wameonekana kwenye matango yaliyotoka Hispania. Kuanzia hapo tango likawa adui. Wakulima wa Hispania waliachiwa mazao mashambani, malori yakageuzwa, Urusi ikafunga mlango kwa mboga za nchi zote za Umoja wa Ulaya. Haikupita wiki, vipimo vikaonyesha kwamba bakteria wa kwenye matango yale si yule aliyekuwa akiua watu. Tango halikuwa na hatia. Aliyekwisha kupata hasara alikwisha kuipata.

Wachunguzi wakarudi mwanzo. Kosa lilikuwa kwenye swali. Walikuwa wakimuuliza mgonjwa amekula nini, naye anajibu nyanya, tango, majani ya saladi, vile vinavyoonekana. Wakabadili njia. Wakawatafuta watu waliokula pamoja kwenye mgahawa mmoja, wengine wameumwa na wengine wazima, wakamwendea mpishi wakamuuliza kila sahani aliitia nini. Mpishi anakumbuka alichokinyunyiza juu kama pambo, mlaji hakumbuki. Jibu likatoka: walioumwa zaidi ni wale ambao sahani zao zilitiwa machipukizi, vijimea vichanga vinavyopatikana kwa kulowesha mbegu na kuziacha ziote kwenye joto na unyevu. Wakafuata hadi kwenye shamba moja lililokuwa likiotesha machipukizi hayo. Mwezi Juni watu wengine wakaumwa Ufaransa, karibu na Bordeaux, kwa kimelea yule yule, nao walikuwa wamekula machipukizi. Mbegu za pande zote mbili zilipofuatiliwa, zikakutana kwenye shehena moja iliyotoka Misri na kuingia Ulaya tangu mwaka 2009.

Mbegu zenyewe zilikuwa za uwatu.

Naona mama aliyeshika uwatu ameuangalia. Usiutupe, mama. Uwatu wako haujafanya kosa. Lakini sikiliza jinsi tunavyoutumia. Mwenye mtoto mchanga anaambiwa aloweke usiku kucha, asubuhi anywe maji yake na kutafuna mbegu, maziwa yajae. Mwenye kisukari naye anafanya hivyo hivyo. Mbegu kavu inaweza kukaa na kimelea muda mrefu bila kuonekana lolote. Ukiipa maji ya uvuguvugu, giza na saa kumi za usiku wa Mwanza, umempa yule kimelea nafasi aliyoipata kule shambani Ujerumani. Chemsha. Tia kwenye sufuria, maji yatokote, acha dakika kadhaa, ndipo unywe. Uchungu wake na harufu yake vinabaki. Na wewe mwenye kisukari, uwatu unashusha sukari kweli. Ukichanganya na vidonge vya hospitali bila kumwambia daktari, sukari inaweza kushuka ukaanguka. Mjamzito asiunywe kama dawa. Kiungo kidogo kwenye mchuzi ni jambo lingine.

Nina jambo la nyumbani kwangu ambalo sikuwahi kulisema mbele ya watu wengi. Mwaka 1991 tulikuwa tunaishi Igogo. Mtoto wangu wa pili alikuwa na miezi kumi na moja, akaanza kuharisha. Mimi nilikuwa zamu ya usiku. Mama mkwe wangu, mwanamke mwenye huruma kuliko wote niliowahi kuishi nao, akachuma majani ya mpera, akayatwanga, akayakamua kwenye maji, akamnywesha. Majani ya mpera yanajulikana kote kwa kuhara, na kuna ukweli ndani yake, yana ukakasi unaokaza tumbo. Lakini maji aliyoyatumia yalikuwa ya ndoo iliyotekwa ziwani asubuhi ile, hayakuchemshwa, wala majani hayakuoshwa. Nilirudi nikamkuta mtoto macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Alipona. Ilichukua siku nne. Mama mkwe alilia kuliko mimi, akasema, "Mwanangu, nilimpa dawa." Naye alikuwa amempa dawa kweli. Ndani ya dawa yaliingia maji.

Siku zile nilimkumbuka sana bibi wa Magu. Bibi alikuwa na miiko, na sisi wajukuu tuliiona kama ushirikina wa wazee. Dawa haichumwi njiani. Haichumwi karibu na boma la ng'ombe. Jani lililoangukia chini haliokotwi. Mzizi ukichimbwa, ganda la nje linakwanguliwa lote hadi ubaki mweupe, unaoshwa kwa maji ya kisima kile cha juu, unachemshwa, maji ya kwanza yanamwagwa, unachemshwa tena. Hakuwa na darubini, hakujua neno bakteria. Lakini mtazame: njiani watu wanajisaidia, bomani kuna samadi, chini kuna uchafu, ganda lina udongo, na moto unaua. Miiko ile ilikuwa usafi uliovalishwa heshima ili usivunjwe. Tumezirithi dawa za wazee wetu na kuziacha njia zao. Leo dawa inachumwa uani kwenye ukuta wa choo, inatwangwa, inakamuliwa mbichi, inatiwa kwenye chupa ya maji iliyookotwa, inauzwa stendi.

Basi tuje kwenye chupa ya kahawia. Mama ameniruhusu niizungumzie. Anasema aliuziwa kwa ajili ya binti yake mjamzito, ya "kuongeza njia", yaani ajifungue upesi. Hajampa bado, na namshukuru Mungu.

Akina mama, hapa nitasema kwa uchungu kidogo. Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi aliletwa msichana wa miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza, amebebwa kwenye baiskeli. Uchungu ulimbana bila kupumzika hata dakika moja. Uchungu wa kawaida unakuja na kuondoka, na pale unapoondoka ndipo mtoto anapata hewa. Ule haukuondoka. Nikauliza amekunywa nini, ndugu wakatazamana. Nikauliza kiasi gani, hawajui. Ya mti gani, hawajui, walinunua. Mtoto tulimpoteza, na msichana aliokolewa kwa kuondolewa kizazi, baada ya safari ndefu ya gari kwenda hospitali kubwa. Miti inayobana kizazi ipo, bibi zetu waliijua, na kwa sababu inafanya kazi kweli ndiyo maana inaua. Dawa isiyo na nguvu haimdhuru mtu. Kila mwenye kukwambia "hii ni ya asili, ina nguvu na haina madhara" anakwambia mambo mawili yasiyokaa nyumba moja.

Nimeiona nguvu hiyo kwa watoto pia. Mafuta ya mwarobaini yanyweshwe mtoto mchanga, hata kidogo, yanaweza kumletea degedege na kuharibu ini na ubongo. Mshubiri mwingi unaharisha hadi moyo unakosa chumvi zake. Na mwaka 2020, watu walipokuwa wakijifukiza kila kona, wapo watoto waliounguzwa na sufuria ya maji yaliyochemka chini ya blanketi. Mvuke unaleta nafuu ya mafua, sikatai. Mtoto mdogo asifunikwe na sufuria ya moto.

Mwaka ule ule wa 2011 niliosimulia, sisi Tanzania tulikuwa kwenye foleni. Mnaikumbuka. Magari yaliondoka hapa mjini usiku na mchana kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha dawa yake kwa shilingi 500. Foleni ilikuwa ya kilomita nyingi, na wagonjwa mahututi walifia njiani wakiisubiri. Sitamsema vibaya mzee aliyekwisha kufariki. Ninachokikumbuka mimi ni wagonjwa wangu waliorudi wakaweka chini dawa za kupunguza makali ya virusi na dawa za kifua kikuu, kwa kuwa wamekwisha kunywa. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kuwasihi warudie. Wapo waliorudia. Wengine niliwazika.

Mtu ataniuliza, je, miti haiponyi? Inaponya. Dawa mseto tunayoitumia kwa malaria tangu 2006 imetokana na mmea, artemisia. Mama mmoja wa China, Tu Youyou, alisoma maandishi ya kale ya nchi yake yaliyosema jani lile liloweshwe kwenye maji na kukamuliwa, bila kutaja kuchemshwa, akatambua kwamba moto uliokuwa ukitumika maabara ulikuwa unaharibu kiini chake. Akalitoa kwa joto dogo, akajaribu mwilini mwake kwanza, wakapima kiasi, wakapima tena. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Aliuheshimu mmea kwa kuuhoji. Na hata sasa, chai ya artemisia ya nyumbani si tiba ya malaria, kwa sababu kikombe cha leo na cha kesho havina kiasi kimoja cha dawa, na vimelea wanaobaki wanajifunza kuihimili.

Kwa hiyo mama, hiyo chupa yako. Ina mti gani? Umechumwa wapi? Ulichemshwa? Unakunywa kiasi gani, na ukizidisha inakuwaje? Aliyeiuza amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala? Sheria yake ipo tangu 2002, usajili upo, muulize akuonyeshe. Akishindwa maswali haya ambayo hata muuza nyanya wa soko la Mlango Mmoja anayajibu, chupa isimfikie binti.

Na nyanya nazo zina lake. Wachuuzi mliopo mnazifahamu zile zenye madoa meupe ya unga. Wanunuzi wengine wanazitaka hizo hizo kwa kuwa zinakaa siku nyingi. Ule unga mara nyingi ni dawa ya ukungu, mankozebu, iliyopulizwa siku moja au mbili kabla ya kuvunwa, na wakati mwingine ikiwa kwenye tenga tayari. Kila pakiti ya kiuatilifu imeandikwa siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna. Mkulima anayeharakisha hasubiri. Habari njema ni kwamba mankozebu hukaa juu ya ganda, haizami ndani, kwa hiyo maji yanayotiririka na kusugua kwa mkono vinaiondoa kwa sehemu kubwa, na ukimenya ganda umeondoa zaidi. Zipo dawa nyingine zinazoingia ndani ya mmea, hizo maji hayazifikii, na dawa yake ni mkulima kusubiri siku zake. Ninyi mnaonunua kwa matenga ndio mnaoweza kumkataa asiyesubiri. Mlaji wa mwisho hana nguvu hiyo. Kataeni, mkikataa kumi tu kwa pamoja, ataanza kusubiri.

Tafadhali, msioshe mboga kwa sabuni ya unga ya kufulia. Nimeona. Sabuni inaingia kwenye mikunjo ya jani na mnakula sabuni. Chumvi nayo, ile ya kuloweka mchicha, inawatoa wadudu wanaotambaa, haiui vimelea wa homa ya matumbo. Siki na ndimu zinasaidia kiasi. Kuna uchunguzi uliofanywa Guinea-Bissau wakati wa kipindupindu cha miaka ya 1990, ukaona waliokamulia ndimu kwenye mchuzi wa wali waliumwa kidogo kuliko wasiokamulia, kwa kuwa kimelea wa kipindupindu anachukia uchachu. Basi ndimu kwenye kachumbari ni jambo jema. Usiitegemee peke yake.

Kitu kinachotegemewa ni sufuria. Mchicha uliochemka ukapikwa hadi ukanywea hauna kipindupindu, uwe umetoka kando ya Mirongo au kwa malaika. Ndiyo maana inaniuma mtu akiacha mboga za kupika wakati wa mlipuko. Hatari iko kwenye kibichi, na kwenye mkono uliokata kibichi baada ya kutoka chooni, na kwenye maji ya kusuuzia sahani. Nsansa za bibi, mboga za majani zilizoanikwa juani zikachemshwa, sijawahi kuona mtu zimemuumiza, mradi zimeanikwa juu ya kichanja, siyo mchangani kuku wanapopita.

Kwa kinachokwenda mdomoni kibichi, iwe ni nyanya ya kachumbari, iwe ni embe, iwe ni jani la mwarobaini unalotaka kutafuna, utaratibu ni mmoja. Nawa mikono kwa sabuni. Suuza kwa maji yanayomiminika, ukigeuza kila jani. Kisha suuza mara ya mwisho kwa maji uliyoyachemsha au uliyoyatia dawa ya klorini, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, na usubiri nusu saa kabla ya kuyatumia. Maji yakiwa na tope, kama ya ziwani baada ya mvua, klorini haifanyi kazi vizuri. Hapo mlonge unafaa: ponda mbegu zake, koroga kwenye ndoo, acha saa moja au mbili, tope litazama chini. Mwaga taratibu kwenye ndoo nyingine, chuja kwa kitambaa safi, ndipo utie klorini au uchemshe. Hii ni mitishamba ninayoipigia debe bila wasiwasi.

Na ipo dawa moja ya nyumbani ambayo naiweka juu ya zote. Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, wakimbizi waliovukia India walikuwa wanakufa kwa kipindupindu, wamelala sakafuni, dripu zimekwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi, glukosi na magadi ya kuokea kwenye maji, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe kwa kikombe. Kabla yake walikuwa wakifa kama 30 katika kila 100. Kwa wale aliowanywesha, vifo vilishuka chini ya 4. Hakuna aliyekuwa muuguzi kati ya wanyweshaji wale. Walikuwa mama, shangazi, kaka. Paketi za ORS mnazopewa zahanati zimetokana na maarifa hayo. Ukizikosa usiku: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai sita vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko vipimwe kwa kusawazisha, chumvi ikizidi inadhuru. Onja, kusiwe na chumvi kuliko machozi. Mnyweshe kidogo kidogo mkiwa njiani kwenda kituoni, na mtoto apewe na zinki akifika. Hiki ndicho kilichomrudisha mwanangu wa Igogo, kabla hata ya dripu. Leo ana watoto wake watatu.

Nimesema mengi, jua limepanda na wengine mna biashara. Pale nyuma kuna ndoo tatu. Ya kwanza ina maji ya ziwa niliyoyateka alfajiri hii mwaloni, nanyi mnaona rangi yake. Ya pili ni tupu. Ya tatu ina maji yenye klorini, nimeyatia tangu saa mbili. Mbegu za mlonge ninazo hapa, na jiko limekolea. Wewe mama wa uwatu utangulie, tuweke sufuria. Wenye mchicha na mwarobaini mfuate, kwenye mstari mmoja.